Athari Isiyorejelewa: Historia ya Kupima Mchango wa Utafiti wa Kiswahili Tanzania

Ikisiri

Makala hii inajadili kihistoria suala la kupima na kuonesha athari ya utafiti wa sayansi za jamii, kwa kutumia mfano wa utafiti wa Kiswahili nchini Tanzania tangu mwaka 1930. Inafuatilia chimbuko la vipimo vinavyotumika sasa, kisha inavilinganisha na mambo yaliyotokana na kazi ya kusanifisha lugha, kutunga kamusi na kuchunguza lugha ya kufundishia. Makala inadai kwamba vipimo vya urejeleaji haviwezi kuiona athari ya utafiti wa lugha kwa sababu utafiti huo hufaulu zaidi pale unapoingia katika matumizi ya watu wasiojua kwamba ulifanyika. Aidha, inaonesha kwamba utekelezaji wa pendekezo la mtafiti si kipimo cha ubora wa utafiti wake. Mwisho, inapendekeza utaratibu wa kufuata alama ambao unaweza kutumiwa na taasisi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muda mrefu wanataaluma waliishi kwa imani hiyo: mtafiti alichunguza, akaandika, kisha akaiacha kazi yake ijitafutie wasomaji. Hali hiyo imebadilika. Leo anayeomba fedha za utafiti, anayeomba kupandishwa cheo, na hata idara inayotaka kuendelea kuwapo, huulizwa swali moja: kazi yenu imeleta athari gani? Swali hilo ni la haki. Utafiti mwingi hugharimiwa na umma, na mlipakodi anastahili kujua fedha zake zimefanya nini. Ugumu uko katika jibu, hususani pale linapotakiwa kuwa tarakimu.

Kwa wataalamu wa Kiswahili, neno lenyewe lina utata. Athari limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya alama au unyayo unaobaki baada ya kitu kupita. Katika matumizi ya kawaida ya leo, hata hivyo, neno hili na minyambuliko yake limeelemea upande wa madhara: twasema athari za ukame, na waathirika ni watu waliopatwa na janga. Ndiyo maana baadhi ya waandishi hupendelea kusema tija, manufaa, mchango au taathira. Makala hii inabaki na neno athari kwa maana yake ya asili, yaani alama, kwa sababu mbili. Kwanza, alama huweza kufuatwa kinyumenyume hadi ilikotoka. Pili, alama yaweza kuwa ya wema au ya ubaya, na mwenye kupima kwa haki hana budi kuziangalia zote mbili.

Huenda msomaji akauliza iwapo isimu ni sayansi ya jamii. Si matawi yake yote yaliyo hivyo. Hata hivyo, upangaji lugha, usanifishaji, uundaji wa istilahi na uchunguzi wa lugha ya elimu ni kazi zinazohusu jamii moja kwa moja, na ndizo zinazojadiliwa hapa.

2.0 Chimbuko la Vipimo

Mwaka 1955, Mmarekani Eugene Garfield alichapisha katika jarida la Science pendekezo la kuwa na faharasa itakayoonesha makala fulani imerejelewa na makala zipi za baadaye. Mfano wake ulikuwa faharasa ya Shepard, ambayo wanasheria wa Marekani waliitumia tangu mwaka 1873 ili kujua kama hukumu ya zamani bado inafuatwa au imetenguliwa. Lengo la Garfield lilikuwa kumsaidia msomaji kutafuta maandiko. Faharasa yake ya sayansi ilitoka mwaka 1964 kupitia taasisi aliyoiongoza mjini Philadelphia, na ile ya sayansi za jamii ikafuata mwaka 1973.

Katika kazi hiyohiyo, Garfield na mwenzake Irving Sher walibuni kigezo cha athari cha jarida ili kiwasaidie kuchagua majarida ya kuingizwa katika faharasa. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa jarida lilichapisha makala 100 katika miaka miwili, na makala hizo zikarejelewa mara 200 katika mwaka uliofuata, kigezo chake ni 2. Kwa hiyo kigezo hicho kilikuwa nyenzo ya kuchagulia majarida. Hakikukusudiwa kumpima mtu, seuze kupima faida ambayo jamii imeipata. Baadaye ndipo kamati za vyuo na wafadhili wa nchi nyingi walipokichukua na kukifanya hakimu.

Kipimo hiki kina mambo matatu kinayoyachukulia kuwa ni kweli: kwamba matokeo ya utafiti huandikwa katika makala za majarida; kwamba wanaoyatumia huyarejelea upesi; na kwamba huyarejelea katika lugha ambazo faharasa huzisoma. Kwa mtafiti wa maabara, mambo hayo yanaweza kuwa karibu na ukweli. Kwa mtunga kamusi wa Kiswahili hakuna hata moja linalosimama. Pishi ni kipimo cha haki kwa nafaka, lakini hakuna mfanyabiashara atakayepimia nguo kwa pishi.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Tathmini ya kitaifa ya utafiti wa vyuo vikuu ilianza huko mwaka 1986, na kwa miaka mingi iliangalia ubora wa machapisho na mazingira ya utafiti. Katika tathmini ya mwaka 2014 kiliongezwa kipengele cha athari nje ya chuo, kikapewa asilimia 20 ya alama zote. Katika tathmini ya mwaka 2021 kilipewa asilimia 25. Vyuo viliwasilisha masimulizi ya visa 6,975 mwaka 2014, kila kimoja kikieleza utafiti uliofanyika, mabadiliko yaliyotokea na ushahidi wa uhusiano kati ya mawili hayo. Hii ilikuwa hatua ya maana, kwa kuwa ilikiri kwamba athari hailingani na urejeleaji. Hata hivyo, ilikuja na mipaka yake: utafiti ulitakiwa uwe umefanyika kati ya mwaka 1993 na 2013, na athari ionekane kati ya mwaka 2008 na 2013. Aidha, chuo kilijichagulia visa vya kusimulia, na hakuna aliyetarajia chuo kichague kisa cha kujishtaki.

Wataalamu wa sayansi za jamii walikwisha kuonya mapema juu ya mambo haya. Mwaka 1979 Carol Weiss alibainisha maana saba za matumizi ya utafiti, akaonesha kwamba ni nadra tokeo moja la utafiti kuzaa uamuzi mmoja wa Serikali; mara nyingi dhana za watafiti hupenya polepole katika fikra za watu hadi zikabadili namna ya kuliona tatizo. Naye Donald Campbell, katika muongo huohuo, alieleza kwamba kadiri kiashiria cha takwimu kinavyotumiwa kufanya uamuzi, ndivyo kinavyozidi kuharibiwa na wale wanaopimwa nacho. Waswahili hawakuhitaji kuambiwa hilo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

3.0 Kazi ya Lugha na Alama Zake

Historia ya utafiti wa Kiswahili inatupatia kisa ambacho mwanzo wake unajulikana na alama zake zinaonekana hadi leo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari, 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyozihusisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kamati hiyo ilishughulikia tahajia, ilipitia vitabu vya shule kabla ya kuchapishwa, na ilisimamia utungaji wa kamusi. Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935. Kamusi za Kiswahili na Kiingereza, zilizojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan, zikatoka mwaka 1939.

Mwaka 1964 shughuli za Kamati ziliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chombo kilichotokana nazo kikaja kujulikana kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mwaka 1981 Taasisi ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Mwaka 2009 Taasisi iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Tujiulize sasa: kamusi ya mwaka 1981 imeleta athari gani? Mwalimu wa shule ya msingi huifungua anapotilia shaka tahajia. Mhariri wa gazeti huamulia nayo ubishi. Mfasiri wa mahakamani huitafutia maana ya neno kabla ya kuandika. Mwanafunzi huinukuu kwa mdomo mbele ya wenzake. Karibu matumizi yote haya hayaachi rejeleo katika jarida lolote, na hata msomi anayeitumia kila siku huona si lazima kuiorodhesha, kama vile asivyoorodhesha taa aliyoisomea. Kwa faharasa, kamusi hiyo ni kazi yenye mashiko madogo. Kwa jamii, ni sakafu ambayo maandishi mengine yamesimama juu yake.

Istilahi ni mfano ulio wazi zaidi. Neno ngeli tunalolitumia katika sarufi limechukuliwa kutoka Kihaya. Neno kitivo, ambalo vyuo vyetu vimelizoea, limetokana na lugha za Kipare na Kisambaa, ambako lina maana inayohusu ardhi yenye rutuba. Maneno hayo hayakujileta yenyewe chuoni. Kulikuwa na watu waliochunguza lugha za Kibantu, wakapendekeza, wakabishana na wakaafikiana. Leo mwanafunzi anayesema nomino hii iko katika ngeli fulani hamrejelei mtu yeyote, wala hapaswi kufanya hivyo. Hapa ndipo penye kitendawili cha fani yetu: istilahi inayoendelea kutajwa pamoja na jina la mtungaji wake ni ile ambayo bado haijakubalika. Ikishakubalika, jina la mtungaji hudondoka, na athari hufikia kilele chake wakati huohuo ambao ushahidi wake unatoweka.

4.0 Tafiti Mbili, Tokeo Moja

Ikiwa urejeleaji hautufai, je, tupime athari kwa kuangalia kama Serikali ilitekeleza mapendekezo ya mtafiti? Historia ya lugha ya kufundishia nchini Tanzania inatutahadharisha.

Mwaka 1977 Penina Mlama na May Matteru walichunguza matumizi ya lugha katika shule za sekondari kwa niaba ya Baraza la Kiswahili la Taifa, na ripoti yao ikatoka mwaka 1978. Waligundua kwamba wanafunzi wengi hawakuweza kufuata masomo kwa Kiingereza na kwamba walimu walilazimika kuchanganya lugha. Walipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia elimu ya juu zaidi ya ile ya msingi. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta na kutoa ripoti yake mwaka 1982, ilipendekeza pia Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Mwaka 1984 ilitoka ripoti ya Criper na Dodd, waliofanya uchunguzi wao kwa ufadhili wa Uingereza. Tokeo lao la msingi halikutofautiana na la Mlama na Matteru: Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Kilichotofautiana ni pendekezo. Wao walishauri Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Mwaka 1987 ulianzishwa mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza, ukiwa na vitabu, mafunzo ya walimu na wataalamu.

Tuwape sasa watafiti wote wanne fomu ya leo ya tathmini. Criper na Dodd wangeijaza kwa urahisi: utafiti mwaka 1984, mradi mwaka 1987, vitabu vimegawiwa, walimu wamefunzwa. Mlama na Matteru wangeandika kwamba pendekezo lao halikutekelezwa. Alama zingetofautiana sana ilhali tafiti zilikubaliana kuhusu hali halisi ya darasani. Tofauti hiyo haikutokana na ubora wa uchunguzi. Ilitokana na kwamba pendekezo moja lilikuwa na fedha na utashi wa wenye mamlaka nyuma yake, na jingine halikuwa navyo. Anayepima utafiti kwa utekelezaji peke yake hupima nguvu ya aliyeusikiliza.

Hata hivyo, kazi ya mwaka 1978 haikufa. Mjadala uliendelea katika maandishi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na, kuanzia mwaka 2002, katika mradi wa LOITASA uliowaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote za elimu. Kutamka si kutekeleza, na ubishi kuhusu jambo hilo haujaisha. Lakini kauli iliyokuwa pendekezo la watafiti wawili ilikuwa imeingia katika maandishi rasmi ya Serikali baada ya miaka 36. Dirisha la tathmini ya Uingereza, ambalo linaonekana pana kuliko mengine, ni la takriban miaka 20. Kigezo cha jarida hutazama miaka miwili tu.

5.0 Upande wa Pili wa Alama

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo, kana kwamba kila alama iliyoachwa na utafiti wa Kiswahili ni ya heri. Uamuzi wa mwaka 1928 ulikuwa na waliopata na waliopoteza. Kimvita kilikuwa na hazina kubwa ya ushairi, na wamisionari wa Mombasa, wakifuata njia aliyoianza Krapf, walikuwa wamekiandikia vitabu. Baada ya kusanifishwa kwa Kiunguja, mtoto wa Mombasa aliyeandika mato na ndia, kama alivyosikia kwa mama yake, alisahihishwa aandike macho na njia. Lugha ya nyumbani kwake ikawa kosa shuleni. Zaidi ya hayo, katika miaka yake ya mwanzo Kamati iliyoamua mambo hayo haikuwa na wajumbe Waafrika.

Hii nayo ni athari ya utafiti. Haionekani katika faharasa, na haiwezi kuonekana katika simulizi ambalo taasisi hujiandikia yenyewe ili ipewe fedha. Hapa ndipo maana ya kila siku ya neno athari, ile ya madhara, inapotukumbusha jambo ambalo lugha ya fomu hulisahau. Tathmini isiyo na mahali pa kuandika madhara ni tangazo la biashara.

6.0 Namna ya Kuonesha Athari

Kuyakataa mapungufu ya vipimo hakumwondolei mtafiti wajibu wa kutoa hesabu. Anayesema kwamba kazi yake haipimiki humwachia mwingine nafasi ya kuamua kwamba haina thamani. Mambo manne yanaweza kufanywa na taasisi zetu bila gharama kubwa.

La kwanza ni kutunza nyaraka. Mihutasari ya vikao vya istilahi, orodha za maneno yaliyopendekezwa na kukataliwa, barua za wizara zinazoomba ushauri na rasimu za kamusi ni ushahidi. Mara nyingi hubaki katika kabati la ofisi hadi mchwa wazimalize. Bila nyaraka hizo, neno lililozagaa nchini kote halina njia ya kurudishwa kwa waliolifanyia kazi.

La pili ni kufuata alama kinyumenyume. Badala ya kuanza na makala na kuuliza nani ameirejelea, tuanze na kitu kinachotumika, kama vile kitabu cha kiada, istilahi ya sheria, mwongozo wa mitihani au programu ya kompyuta, kisha tuulize maarifa yaliyomo yametoka wapi. Njia hii huwafikia hata watafiti ambao majina yao yamedondoka.

La tatu ni kutenganisha kuchangia na kusababisha. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika mwaka 2022. Ni rahisi kwa taasisi yoyote ya Kiswahili kuliweka tukio hilo katika ripoti yake. Lakini Kiswahili kimefikishwa hapo na wafanyabiashara, wanamuziki, watangazaji, wanasiasa, wanadiplomasia na mamilioni ya wasemaji. Watafiti wamo katika orodha hiyo. Si wao pekee. Ripoti inayosema hivyo waziwazi itaaminiwa zaidi kuliko inayojitwalia sifa zote.

La nne ni kuutazama muda kwa jicho pana na kuiheshimu lugha ya uandishi. Hapa hatuko peke yetu. Azimio la San Francisco, lililotangazwa mwaka 2013, lilitaka kigezo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmojammoja. Tamko la Leiden la mwaka 2015 lina kanuni kumi, na mojawapo hutaka utafiti unaohusu mahali fulani ulindwe hata kama haukuandikwa kwa Kiingereza. Mpango wa Helsinki wa mwaka 2019 ulisisitiza uwingilugha katika mawasiliano ya kitaaluma. Kamati za vyuo vyetu zinaweza kuyatumia maandiko haya kama hoja ya kuzipa kamusi, faharasa za istilahi na vitabu vya kiada uzito unaostahili.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba faharasa ya marejeo ilianza kama msaada kwa msomaji, kigezo cha jarida kikaanza kama msaada kwa mchaguzi wa majarida, na vyote viwili vikaishia kuwa mizani ya kumpimia mtafiti. Imeonesha pia kwamba kazi ya lugha hupoteza jina la mtendaji kadiri inavyofaulu, na kwamba tafiti mbili zenye tokeo moja zinaweza kupata bahati tofauti kwa sababu zilizo nje ya taaluma.

Kinachobishaniwa hapa si heshima ya wanataaluma peke yake. Mhadhiri kijana anayeona kwamba makala moja ya Kiingereza katika jarida la ng'ambo itampandisha cheo, ilhali miaka sita ya kutunga kamusi haitampandisha, atafanya hesabu yake na kuchagua. Wakichagua hivyo kwa kizazi kimoja tu, toleo lijalo la kamusi litakosa watungaji, na mwalimu atakayelihitaji hatajua kwamba upungufu huo ulianzia katika fomu. Kwa hiyo wanaotunga fomu hizo, ambao aghalabu ni wanataaluma wenyewe, wazitazame upya kabla ya awamu nyingine ya kuwapandisha watu vyeo.